Visiwa vya kulala na visiwa vya kushinda: mwongozo kamili wa likizo ya Unguja na Pemba na watoto wadogo

Kila likizo ya shule kadhia ni ileile. Familia inapanga visiwa vitatu kwa siku tano. Watoto wanatapika njia nzima ya kuvuka, hoteli ya ufukweni inafikiwa saa nne asubuhi bahari imekauka mpaka mwisho wa macho, na siku ya nne kila mtu anaulizia tiketi ya kurudi. Hii si bahati mbaya. Safari imepangwa kwa ramani, wakati safari ya visiwani ukiwa na watoto hupangwa kwa upepo, kwa mwezi na kwa saa ya mtoto ya kulala mchana.

Mwongozo huu ni wa familia yenye watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka saba, inayotokea Dar es Salaam. Wanaotokea Mombasa, Nairobi, Muscat au Ulaya watafuata hatua zilezile, ila wasiruke sehemu ya nyaraka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kusanya vitu hivi wiki mbili kabla, kwa sababu vingine havipatikani kirahisi ukishafika Pemba.

Nyaraka: kitambulisho cha NIDA au pasipoti kwa kila mtu mzima, cheti cha kuzaliwa au pasipoti kwa kila mtoto, na nakala zake kwenye simu. Mzazi anayevuka mpaka wa nchi peke yake na watoto abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Vya baharini: jaketi okozi moja kwa kila mtoto, la saizi yake (namna ya kulipima iko hatua ya 6). Yeboyebo au viatu vingine vya mpira vinavyofungika nyuma. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, kofia yenye ukingo, na mafuta ya kuzuia jua.

Vya njiani: ndoo ndogo yenye mfuniko, taulo mbili nyepesi, nguo kamili ya kubadilisha kwa kila mtoto na fulana moja ya mzazi. Ndoo ni ya kutapikia. Usitegemee mifuko ya plastiki: Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na unaweza kuzuiwa nayo bandarini. Nguo mbichi zitie kwenye mkoba wa turubai.

Dawa: pakiti sita za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, parasetamoli ya maji pamoja na sindano ya plastiki ya kupimia, kipimajoto, dawa ya vidonda, kibano cha kutolea miiba, na dawa ya kufukuza mbu inayoruhusiwa kwa watoto.

Mbeleko au kanga mbili. Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina ngazi na mawe, na kwenye mchanga magurudumu hayaendi.

## Hatua ya 1: Tenga visiwa vya kulala na visiwa vya kushinda

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo ipe muda.

Kisiwa cha kulala ni kile unachohamia na mabegi yote. Kisiwa cha kushinda ni kile unachokwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua kali, mabegi yakibaki chumbani. Kila unapohama na watoto, siku nzima inakwenda: kufunga mizigo, kusubiri, kuvuka, kutafuta gari, kuzoea kitanda kipya. Mtoto wa miaka mitatu huhitaji karibu usiku mbili kabla hajalala vizuri mahali pageni. Ukimhamisha usiku wa tatu, unaanza upya.

Kanuni tunayoshauri:

- Siku 5 au pungufu: kisiwa kimoja cha kulala (Unguja) na kimoja cha kushinda.
- Siku 6 hadi 7: bado Unguja peke yake, ila unaweza kugawa malazi mawili, mjini na ufukweni.
- Siku 8 na zaidi: Unguja na Pemba, kila kimoja na kisiwa chake cha kushinda.

Kwa upande wa Unguja, kisiwa cha kushinda kinachowafaa zaidi watoto ni Changuu. Ni kama nusu saa kwa boti kutoka Mji Mkongwe, na kuna kobe wakubwa ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa Pemba ni Misali, magharibi ya Chake Chake. Mafia iache kwa safari nyingine: ni nzuri sana, lakini iko kusini, na kuiunganisha na Pemba katika likizo moja ni kumchosha mtoto bure.

Umefaulu ikiwa: ukihesabu siku za kuhama, ikiwemo ya kwenda na ya kurudi, hazizidi nusu ya likizo yote.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa upepo, kisha kwa mwezi

Upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huchukua nafasi baada ya hapo na hukaza Juni, Julai na Agosti. Katikati, hasa Oktoba na Novemba, huja upepo wa matlai na bahari hutulia, ingawa mvua za vuli huweza kukukuta. Masika, Machi hadi Mei, haifai kwa likizo ya watoto.

Likizo ya shule ya Juni huangukia kwenye kusi. Hilo halizuii kwenda Unguja, lakini mkondo wa bahari kati ya Unguja na Pemba ni mzito msimu huo, na mtoto asiyezoea atateseka. Ukisafiri Juni au Julai, ama nenda Pemba kwa ndege, ama ibakize Pemba kwa likizo ya Desemba. Kwa malazi, wakati wa kusi tafuta pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, upande wa Kendwa, ambako kisiwa chenyewe hukinga upepo. Paje na Jambiani huupokea moja kwa moja.

Mwezi. Hili wageni wengi hawalijui, na ndilo linaloamua kama watoto wataogelea au watatazama matope. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kufika kama mita 4. Kwenye pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari hurudi nyuma mbali sana.

Ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, unaweza kukadiria mwenyewe bila jedwali:

- Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 (bamvua): maji hukauka kabisa karibu saa nne au tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Asubuhi ni ya kutembea kwenye vidimbwi vya mawe na kutazama kaa. Kuogelea ni jioni.
- Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 (maji mafu): maji hujaa asubuhi, kuanzia karibu saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hizi ndizo siku nzuri za kuogelea na watoto, kwa sababu bahari haikimbii mbali na mikondo haina nguvu sana.

Kwa hiyo, ukiweza, siku zako za ufukweni ziangukie kwenye maji mafu. Usipoweza, lala Nungwi au Kendwa, ambako maji hubaki ya kuogelea karibu muda wote.

Thibitisha makadirio yako kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, na ukilisoma kumbuka limeandikwa kwa saa za kizungu: 10:00 ni saa nne.

## Hatua ya 3: Tiketi na nyaraka

Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi. Chukua boti ya kwanza ya asubuhi. Upepo huongezeka mchana, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri atasinzia njiani, jambo ambalo ni kinga kubwa dhidi ya kutapika.

1. Kata tiketi kwenye ofisi ya kampuni au tovuti yake, wala si kwa wapiga debe wa nje ya geti. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho.
2. Kata tiketi ya kila mtoto, hata mchanga wa kupakatwa, hata kama nauli yake ni ndogo au hakuna. Sababu si ukaguzi tu. Orodha ya abiria ndiyo huonyesha nani yuko ndani, na ndiyo huhesabia vifaa vya kuokolea. MV Spice Islander I iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ukiona chombo kimejaa kiasi kwamba watu wamekaa njiani, subiri kingine. Nauli iliyopotea si kitu.
3. Soma saa vizuri. 09:30 kwenye tiketi ni saa tatu na nusu asubuhi. Familia hukosa boti kwa hili, hasa pale mmoja anaponunua tiketi na mwingine anaposimulia kwa simu.
4. Safari za Pemba ni chache kuliko za Dar, na siku zake hubadilika. Kata hii kwanza, kisha pangilia mengine kuizunguka.

Kwa ndege ndogo za kati ya Unguja na Pemba, mwendo ni kama nusu saa. Mizigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na begi liwe laini kwa sababu sehemu ya kuwekea ni finyu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati ndege inashuka, asije akaumwa masikio.

Wageni wasio Watanzania wanahitaji pia bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza 1 Oktoba 2024. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, wabebe kadi ya chanjo kwa kila mtu kuanzia mwaka mmoja.

## Hatua ya 4: Siku ya kuvuka

Fika bandarini saa moja na nusu kabla ya boti kuondoka. Kuna ukaguzi wa mizigo na foleni, na kukimbizana na watoto wawili katikati ya wachukuzi ni hatari. Pesa, simu na nyaraka ziwe kwenye mkoba mdogo wa kiunoni. Mchukuzi mmoja anatosha: mkubaliane bei kabla hajagusa begi, na mmoja wenu amfuate mpaka mwisho.

Chakula. Saa moja kabla ya safari mpe mtoto kitu kikavu: mkate, biskuti, viazi vya kuchemsha. Maziwa mengi, chipsi na juisi tamu ndivyo vinavyorudi. Tumbo tupu nalo ni baya, kwa hiyo usimfungishe ukidhani unamsaidia.

Mahali pa kukaa. Kaa katikati ya chombo, sehemu ya chini, karibu na nyuma. Mbele na juu ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Watoto wa miaka miwili na kuendelea ndio husumbuliwa sana, wa chini ya hapo mara chache. Mtoto aangalie nje, mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Simu na vitabu vya picha vifungwe: kutazama kitu kilicho karibu wakati mwili unayumba ndiko kunakoleta kichefuchefu.

Dawa. Muulize mfamasia, ukitaja umri na uzito wa mtoto, na umpe nusu saa hadi saa moja kabla ya safari. Jambo moja halina mjadala: promethazini (dawa ya kuzuia kutapika) asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua.

Akitapika: ndoo, kitambaa chenye maji usoni, kisha asubiri kama dakika kumi bila kupewa kitu. Baada ya hapo mpe maji au ORS kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Ukimwachia chupa nzima, atatapika tena.

Umefaulu ikiwa: mtoto anashuka kwa miguu yake na anaulizia chakula.

## Hatua ya 5: Kagua malazi kwa simu kabla ya kulipa

Picha za ufukwe hupigwa maji yakiwa yamejaa. Uliza maswali haya, na ung'ang'anie jibu la wazi:

- Maji yakipwa, ninatembea dakika ngapi mpaka pa kuogelea mtoto?
- Bwawa la kuogelea lina uzio? Ngazi za juu zina kinga?
- Kuna chandarua kinachofunika kitanda cha watoto pia?
- Umeme ukikatika kuna jenereta, au tutalala na joto?
- Jikoni wanaweza kutengeneza uji, wali mtupu au ndizi za kuchemsha saa kumi na mbili jioni, kabla ya chakula cha wakubwa?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini mtoto anayesubiri chakula hadi saa mbili na nusu usiku ataharibu usiku wa chumba kizima.

Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha. Chandarua si pambo.

## Hatua ya 6: Siku ya kisiwa cha kushinda

Ondoka saa mbili asubuhi, rudi kabla ya saa sita mchana. Kabla mtoto hajapanda boti, kagua mwenyewe:

Jaketi okozi. Yanayotolewa kwenye boti ndogo mara nyingi ni ya watu wazima. La mtoto huandikwa uzito ndani: la mchanga ni hadi kilo 15, la mtoto kilo 15 hadi 43. Lifunge, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipita masikio, ni kubwa, na majini litamtoka. La mtoto mdogo lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Maboya ya mkononi ya kupuliza si kifaa cha kuokolea.

Boti. Iwe na kivuli, mafuta ya kutosha kwenda na kurudi, makasia au mashine ya akiba, na simu ya nahodha iliyowekwa pasipoingia maji. Ngalawa ni chombo kizuri, lakini watoto wa chini ya miaka mitano wasivuke nayo bahari kuu: hakuna pa kumkalisha vizuri na maji hurukia ndani.

Malipo. Lipa sehemu kabla na iliyobaki ukirudi. Papasi (madalali wa wageni) watakuambia vingine. Shikilia.

Beba lita moja ya maji kwa kila mtoto na lita mbili kwa kila mtu mzima. Huko Misali hakuna maji baridi (yasiyo ya chumvi) kabisa. Wapemba husimulia kwamba jina lake limetokana na msala: Nabii Khidhri aliomba msala wa kuswalia, haukupatikana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake. Wasimulie watoto mkiwa njiani.

Kufika Changuu au Misali mara nyingi unashuka majini, maji ya magotini. Mzazi mmoja ashuke kwanza, mwingine ampokeze mtoto. Usiruke naye mkononi. Kwa kobe, mtoto awalishe kwa jani refu akiwa mbele yao, vidole mbali na mdomo, na asiwapande.

Ndani ya maji: mzazi awe umbali wa mkono mmoja, muda wote, hata maji yakiwa ya mapajani. Viatu visivuliwe. Kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani ya ngozi.

Onyo la pwani ya mashariki: vijiti vilivyopangwa kwenye mchanga wakati maji yamepwa ni mashamba ya mwani. Vinachoma miguu, na ni riziki ya akina mama wa kijiji. Wapitishe watoto pembeni. Na msiende mbali mkifuata maji. Yakianza kurudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu. Geukeni nusu saa kabla ya maji kuanza kujaa.

## Hatua ya 7: Pemba, tofauti zake

Boti nyingi hufikia Mkoani, na kutoka hapo hadi Chake Chake ni kama kilomita 30. Panga gari kabla hujavuka. Kiti cha mtoto cha gari usitegemee kukipata: kama una chako, kibebe.

Mashine za kutolea pesa ni chache, kwa hiyo toa pesa Unguja. Migahawa ya mchana nayo ni michache, na wakati wa Ramadhani karibu yote hufungwa mpaka magharibi. Watoto hawakatazwi kula, ila walieni chumbani au mahali pa faragha. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na ukipita kijijini jifunge kanga.

Kwa watoto, pazuri kuliko pote ni Kidike, wanakolala popo wa Pemba. Ni popo wakubwa wasiopatikana kwengine duniani, na mchana huning'inia mitini kama matunda. Nenda jua likiwa linapungua, wakianza kujinyoosha.

## Hatua ya 8: Mtoto akiugua

Kuharisha: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji salama. Baada ya kila choo cha maji, chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100, zaidi ya hapo mililita 100 hadi 200. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi sita (10 kwa mdogo zaidi), siku 10 hadi 14. Kunyonya kuendelee.

Homa: parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, sawa na mililita 7.5 za dawa ya 120 kwa 5. Soma chupa yako, nguvu hutofautiana. Homa yoyote, iwe visiwani au wiki chache baada ya kurudi, ipimwe malaria.

Konyeza (yavuyavu): suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Akipumua kwa shida, nenda hospitali mara moja.

Mwiba wa baharini: loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mkono wako mwenyewe unayavumilia, kisha toa kwa kibano mwiba unaoonekana. Usichimbe.

Hospitali: Mnazi Mmoja kwa Unguja mjini, Abdalla Mzee kwa Mkoani. Namba ya dharura ni 112. Asiyetilia mkazo maji ya kunywa mapema ndiye huishia huko: mtoto mlegevu, asiyekojoa saa sita, macho yameingia ndani, hasubiri kesho.

## Mfano wa ratiba ya siku 9

Siku ya 1, boti ya kwanza kutoka Dar, mchana kulala, jioni bustani ya Forodhani mapema kabla ya msongamano. Ya 2, Changuu asubuhi. Ya 3, kuhamia Kendwa. Ya 4 na ya 5, hakuna mpango wowote: mchanga na maji tu. Ya 6, kuruka hadi Pemba. Ya 7, Misali. Ya 8, Kidike, kisha kufunga mizigo. Ya 9, ndege hadi Unguja na boti ya mchana kwenda Dar, au kwa wanaorudi nje ya nchi, kulala Unguja usiku mmoja zaidi, kwa sababu bahari ikichafuka boti huahirishwa na ndege ya kimataifa haisubiri.